Kosa Lisilo Dhambi: Sophocles na Fikra ya Tanzia

Wanafunzi wanaosoma Mfalme Oedipus kwa mara ya kwanza huuliza karibu wote swali moja: mtu huyu alifanya dhambi gani? Swali hilo halitokani na uvivu wa akili. Msomaji aliyezoea kuamini kwamba adhabu hufuata hatia huona uchungu kumtazama mfalme mwema, anayewahurumia raia wake, akijitoboa macho mwishoni mwa mchezo. Basi huanza kumtafutia hatia ili hesabu ipate kulingana. Huyu husema alikuwa na kiburi, yule husema alikuwa na hasira, mwingine humlaumu kwa kutaka kujua mno. Marafiki wa Ayubu nao walifanya vivyo hivyo walipokwenda kumfariji.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba swali hilo limeletwa kutoka nje ya mchezo, kwamba lina historia yake, na kwamba Kiswahili, kwa bahati njema, kina neno linaloweza kumrudisha msomaji karibu na fikra ya mtunzi mwenyewe.

Sophocles alizaliwa karibu na mwaka 496 K.K. katika kijiji cha Colonus, nje kidogo ya mji wa Athens, akafariki mwaka 406 au 405 K.K. Katika umri huo wa takriban miaka tisini alitunga michezo inayokaribia 120, na kati ya hiyo ni 7 tu iliyotufikia mizima. Mwaka 468 K.K. alimshinda Aeschylus, aliyekuwa bingwa wa tanzia wakati huo, na Aristotle anamtaja kuwa ndiye aliyeongeza mwigizaji wa tatu jukwaani. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba huyu hakuwa mtu wa vitabu peke yake. Mwaka 443 K.K. alikuwa mmoja wa watunza hazina ya shirikisho lililoongozwa na Athens. Miaka miwili baadaye alichaguliwa kuwa jemadari, pamoja na Pericles, katika vita dhidi ya kisiwa cha Samos. Ion wa Chios, aliyekutana naye safarini, ameandika kwamba Pericles alimwona Sophocles kuwa hodari wa ushairi na si wa ujemadari. Hukumu hiyo Sophocles mwenyewe aliisimulia kwa kicheko.

Mtunzi huyu hakuacha nadharia ya sanaa. Inasemekana aliandika kitabu cha nathari juu ya korasi, yaani kundi la waimbaji katika mchezo, lakini kimepotea. Yaliyobaki ni maneno machache yaliyonukuliwa na wengine, na hayo, ingawa ni machache, yana uzito. Plutarch anaeleza kwamba Sophocles aliigawa kazi yake katika hatua tatu: kwanza aliucheza mtindo mzito wa Aeschylus mpaka akauchoka, kisha akaingia katika ufundi wake mwenyewe uliokuwa mkali na wenye kujionyesha, mwishowe akaufikia mtindo uliokuwa bora kuliko yote, kwa sababu ndio uliodhihirisha tabia ya mtu. Kipimo cha sanaa kwake, basi, kilikuwa tabia ya mwanadamu inavyojitokeza katika maneno na vitendo, wala si fahari ya lugha. Kuhusu Aeschylus alisema kwamba hufanya yaliyo sawa pasipo kujua. Sifa hiyo ina mwiba ndani yake, kwani yeye alitaka mtunzi ajue afanyalo. Na Aristotle anamnukuu akisema kwamba yeye huwaonyesha watu jinsi wapasavyo kuwa, wakati Euripides huwaonyesha jinsi walivyo.

Usemi huu wa mwisho umeleta kutoelewana kwingi. Wapo waliodhani kwamba Sophocles alikusudia kuchora watu wasio na ila, vielelezo vya kuigwa. Michezo yenyewe yakanusha hivyo. Ajax ni shujaa, naye awaua mifugo kwa wazimu akidhani ni maadui. Electra ni mwaminifu hata uaminifu wake unatisha. Kupasa kuwa, kwa Sophocles, ni kuwa mkubwa: kuwa na shabaha, kuifuata mpaka mwisho, na kulipa gharama yake. Mtu wa tanzia si mtu mwema wa hadithi za watoto.

Kuna kisa kingine ambacho wanahistoria wa fasihi hukipita haraka, nacho chastahili kusimamiwa. Mwaka 413 K.K., baada ya jeshi la Athens kuangamia huko Sicily, raia walichagua wazee kumi wa kuusaidia mji kwa mashauri, na Sophocles alikuwa mmojawapo, akiwa amepita umri wa miaka themanini. Mwaka 411 K.K. wazee hao walikubali utawala ukabidhiwe watu mia nne, yaani demokrasia isimamishwe. Utawala huo ulianguka baada ya miezi michache, ukiwa umeacha damu. Aristotle, katika kitabu chake cha Balagha, anasimulia kwamba Sophocles aliulizwa na Pisander kama alikubaliana na wenzake kuwasimika wale mia nne. Akajibu kwamba ndiyo. Akaulizwa kama hakuona kwamba jambo hilo ni ovu. Akakiri kwamba aliona. Alipobanwa zaidi, kwamba basi alitenda uovu huo kwa kujua, alijibu kwamba ndivyo, kwa kuwa halikuwapo lililo bora. Wataalamu wengi huafiki kwamba Sophocles anayetajwa hapo ndiye mtunzi wetu. Ikiwa ni hivyo, huyu ni mzee aliyejua kwa nafsi yake hali ambayo michezo yake yaieleza: mtu akisimama mahali ambapo kila njia ina ubaya wake, naye hana ruhusa ya kutochagua.

Hapa ndipo linapoingia neno hamartia. Aristotle, aliyezaliwa miaka zaidi ya ishirini baada ya kifo cha Sophocles, aliandika katika Poetika kwamba tanzia bora humhusu mtu aliye kati na kati, asiyezidi wengine kwa wema na haki, ambaye huanguka kutoka hali ya neema si kwa sababu ya uovu, bali kwa sababu ya hamartia fulani. Mfano wake wa kwanza ni Oedipus. Maneno hayo, si kwa sababu ya uovu, yangetosha kufunga mjadala. Hayakuufunga, kwa kuwa neno lenyewe lilibadilika maana njiani. Katika tenzi za Homer, kitenzi chake hutumika kwa mpiganaji aliyerusha mkuki ukapita kando ya shabaha. Baadaye kikatumika kwa mtu aliyepotea njia, aliyekosea hesabu, aliyeteleza katika hukumu. Karne kadhaa baada ya Aristotle, waandishi wa Agano Jipya walilichukua neno hilo hilo kwa maana ya dhambi mbele ya Mungu, na ndivyo linavyofasiriwa katika Biblia ya Kiswahili. Msomaji wa Ulaya aliyejifunza Kigiriki huku Agano Jipya likiwa mikononi mwake aliweza kwa urahisi kuliona neno hamartia kwa Aristotle na kusikia sauti ya mahubiri.

Katika Ufaransa ya karne ya 17, ambako sheria za tanzia zilijadiliwa kama sheria za nchi, tatizo hili lilionekana wazi. Pierre Corneille, katika insha yake ya mwaka 1660 juu ya tanzia, alikiri kwamba haoni kosa lolote la Oedipus: alimwua baba yake pasipo kumjua, katika ugomvi wa njia, kama afanyavyo mtu jasiri akishambuliwa na asiyemfahamu. Corneille akaongeza kwamba huenda neno la Kigiriki laweza kuenea hata kwa kosa la kutotambua tu. Alikuwa amekaribia ukweli. Lakini si yeye aliyefuatwa na wengi. Madarasani kilichoshika mizizi ni fikra ya “ila ya shujaa”, yaani kwamba kila mhusika wa tanzia ana doa katika tabia yake, na kazi ya mwanafunzi ni kulitafuta doa hilo na kuliandika katika karatasi ya mtihani. Mwaka 1966 E. R. Dodds, aliyekuwa profesa wa Kigiriki huko Oxford, alichapisha makala yaliyozaliwa na karatasi kama hizo. Hoja yake kubwa ni nyepesi na hadi leo haijajibiwa vizuri: hasira ya Oedipus kwa Tiresias na tuhuma zake kwa Creon huonekana jukwaani, ndiyo, lakini maovu mawili yaliyomwangamiza yalikwisha kutendeka miaka mingi kabla pazia kufunguliwa (kama pazia lingekuwapo katika ukumbi ule wa Kigiriki). Ila ya leo haiwezi kuwa chanzo cha tendo la jana.

Sasa tuliangalie neno la Kiswahili. Kukosa ni kutopata: mtu amekosa maji, amekosa usafiri, amemkosa mwenziwe nyumbani. Kukosa ni kutopiga shabaha: mshale umemkosa mnyama. Kukosa ni kutenda lisilo sawa: mtoto amemkosea baba yake. Maana hizo tatu hukaa katika shina moja bila kugombana, na msemaji hupita kutoka moja hadi nyingine pasipo kuhisi kwamba amebadilisha neno. Hata katika ibada shina hilo limo, kwani Salamu Maria ya Wakatoliki huwaita watu wakosefu. Dhambi, neno lililotoka Kiarabu, halina upana huo. Hilo ni la hukumu tu. Mfaransa anayefasiri hamartia hana budi kuchagua kati ya neno la kupotoka na neno la hatia, na akichagua moja amelipoteza jingine. Mswahili aandikapo kosa hapotezi kitu. Kwa hiyo inasikitisha kuona, katika maelezo ya darasani, dhana hii ikielezwa kwa neno dhambi au kwa mafungu marefu ya maneno, hali neno linalotakiwa lipo mdomoni mwa kila mtu.

Wala si Aristotle peke yake anayenufaika na tafsiri hiyo. Sophocles mwenyewe alilitumia shina hilo mara nyingi, na mahali pa uzito. Katika Antigone, Tiresias anamwonya Creon kwamba kukosa ni hali ya watu wote, na mpumbavu ni yule tu asiyetaka kuliponya kosa lake. Antigone, akipelekwa kuzikwa hai, anasema kwamba ikiwa miungu yaona hukumu hiyo kuwa njema, basi atakubali kwa mateso yake kwamba alikosa. Lakini ikiwa wanaokosa ni wengine, wapatwe na yale yale wanayomtendea. Na Creon, akirudi na maiti ya mwanawe, anayalilia makosa ya akili yake mwenyewe. Pande zote mbili za mgogoro zasema kwa neno moja. Aliye sahihi na asiye sahihi, wote wamo hatarini mwa kukosa, na mwenye kujua ni nani aliyekosa huwa amechelewa.

Mchezo huo huo ndio wenye wimbo mashuhuri wa korasi juu ya mwanadamu. Waimbaji wanahesabu aliyoyaweza: kuvuka bahari wakati wa dhoruba, kulima ardhi mwaka hata mwaka, kunasa ndege na samaki, kuwatia nira farasi na fahali, kujifundisha lugha na fikra na maisha ya mjini, kubuni tiba za maradhi, ingawa kifo hakukipatia njia ya kukikwepa. Neno wanalompa kiumbe huyu ni deinon, nalo lina nyuso mbili, ajabu na kitisho. Wafasiri wa Ulaya hulumbana juu yake tangu zamani. Neno kioja la Kiswahili lafaa hapa kuliko mengi yao, kwa kuwa kioja hushangaza na hutia hofu kwa mara moja, na mtu hukimbilia kukitazama huku akijiandaa kukikimbia. Mwanadamu wa Sophocles ni kioja: uwezo uleule unaomwinua ndio unaomwelekeza mara kwenye jema, mara kwenye baya.

Kwa mwanga huo Mfalme Oedipus hueleweka bila kumtafutia mfalme doa. Sphinx alitega kitendawili cha kiumbe kinachotembea kwa miguu minne asubuhi, miwili mchana, mitatu jioni. Wote waliokikosa walikufa, na Oedipus peke yake akakitegua: ni mtu. Kwa jibu hilo akapewa ufalme wa Thebes na mkono wa mjane wa mfalme. Jambo alilolikosa ni dogo kwa kutamkwa na kubwa kwa uzito: alijua mtu ni nini, asijue yeye ni mtu yupi. Alikuwa mtoto aliyetobolewa vifundo vya miguu akatupwa kabla hajaweza kutambaa. Sasa ni mtu mzima anayesimama kwa miguu miwili. Na Tiresias anatabiri kwamba ataondoka akipapasa ardhi kwa fimbo. Kitendawili kilikuwa habari yake mwenyewe. Na kila mshale aliourusha aliulenga vizuri. Aliposikia huko Delphi kwamba atamwua baba yake na kumwoa mama yake, aliwakimbia waliomlea Korintho ili asiwadhuru. Mbio hizo ndizo zilizomfikisha njia panda alikokuwa Laius. Alipoona tauni inaua watu wake, alimlaani muuaji hadharani ili kuwaokoa, laana ikamrudia. Jocasta alimsihi aache kuuliza. Angeacha, angebaki mfalme, na Thebes ingeendelea kufa.

Ni kweli kwamba Sophocles anajua pia kosa la aibu, lile linalotendwa kwa kukusudia. Katika Philoctetes, mchezo uliopata tuzo ya kwanza mwaka 409 K.K., kijana Neoptolemus anamdanganya mgonjwa aliyetelekezwa kisiwani na kumnyang’anya upinde wake, upinde usiokosa kamwe. Kisha anarudi na kutamka kwamba alilotenda lilikuwa hamartia, tena ya aibu, na kwamba amekuja kulitengua. Anaurudisha upinde. Hapa kosa linafanana sana na dhambi na toba yake. Tofauti ni kwamba Neoptolemus alijua alichokuwa akikifanya, na bado alikuwa na muda. Hali ya Oedipus haina kimojawapo kati ya hivyo viwili. Mtunzi aliyeweza kuyatofautisha makosa haya kwa uangalifu namna hiyo hastahili kusomwa kana kwamba aliandika katekisimu.

Barani Afrika, Sophocles amepokewa kwa njia zaidi ya moja. Samuel S. Mushi alimleta katika Kiswahili kwa tafsiri yake iitwayo Mfalme Edipode, iliyotoka mwaka 1971, na tangu hapo Waswahili wanaweza kukijadili kisa hiki bila kupitia Kifaransa wala Kiingereza. Katika nchi jirani ya Kongo-Brazzaville, Sylvain Bemba alimchukua Antigone mwishoni mwa miaka ya 1980 na kumweka katikati ya mapinduzi ya kijeshi ya Afrika. Ola Rotimi wa Nigeria alikwenda mbali zaidi. Mchezo wake ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza huko Ife mwaka 1968, wakati nchi yake ikiwa katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, unahamishia kisa cha Oedipus kwa Wayoruba, na jina lake lenyewe latangaza kwamba miungu isilaumiwe. Mfalme wake, Odewale, anamwua mzee shambani kwa sababu mzee huyo ameitukana lugha ya kabila lake, na mwishoni anakiri kwamba udhaifu huo ndio ulioitumikia miungu. Rotimi alikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Mbele yake palikuwa na watu waliouana kwa ajili ya kabila, naye hakutaka waondoke ukumbini wakisingizia majaliwa. Hata hivyo ieleweke kwamba hapo ametunga tanzia nyingine. Kosa la Odewale lina jina na lina dawa. Kosa la Oedipus halina.

Ushahidi wa mwisho umo katika mchezo ambao Sophocles aliuandika akiwa mkongwe, Oedipus huko Colonus. Oedipus, sasa kipofu na mzururaji anayeongozwa na binti yake, anafika kijijini kwa mtunzi mwenyewe akiomba hifadhi. Wanakijiji wanamwogopa. Mzee anawajibu kwamba matendo yale aliyapata zaidi ya kuyatenda, na kwamba mbele ya sheria yeye ni safi, kwa kuwa hakujua. Creon anapomtukana, anamtaka amwonyeshe ndani ya nafsi yake hamartia yoyote iliyosababisha akose namna ile dhidi yake mwenyewe na jamaa zake. Mhusika yule yule ambaye vizazi vya wasomi vimemtafutia ila alikwisha kulikataa jambo hilo kwa neno lenyewe, tena kwa kalamu ya mtunzi wake.

Sophocles hakuuona mchezo huo ukichezwa. Mwaka 404 K.K. Athens ilisalimu amri kwa Sparta. Kuta zake ndefu zikabomolewa, na utawala wa watu thelathini ukaua raia wengi kabla demokrasia kurudishwa. Mjukuu wake, aliyeitwa pia Sophocles, ndiye aliyeuonyesha mchezo huo mwaka 401 K.K. Waliokaa siku ile katika ukumbi wa Dionysus, chini ya Acropolis, walikuwa watu waliokwisha kushindwa, na wengi wao walikuwa na la kuulizwa kuhusu miaka iliyopita. Walimtazama Theseus, mfalme wa Athens ya kale, akimpokea mzee aliyemwua baba yake na kumwoa mama yake, bila kumdai ungamo, akimpa mahali pa kufia.